Kole Nyekundu ya Bunduki ya Upepo

Komanda wa kambi ya askari alikuwa na bunduki ya upepo, ile ya kupigia njiwa, na kila akiipiga siku mbili tatu visi zake, skurubu zinazoshika chuma na mti, zililegea. Akamletea mume wangu, fundi wa treni hapa Kindu. Hatukupenda viatu vya askari uani kwetu, lakini nani angekataa? Mume wangu alizisafisha visi kwa petroli, akazitia kole, ile gundi nyekundu ya karakana, akazikaza. Treni inatikisika mpaka mifupa inauma, na visi yake ikishatiwa kole hiyo, fundi anaomba Mungu isifunguke tena. Njo mazoea yake, ndiyo kazi aliyozoea. Akaijaza kole, jamani, utadhani ile bunduki itavuta mabehewa mpaka Kalemie!

Siku moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tumetoka tu kufagia barabara na wenzetu wa mtaa, jeep ikasimama mlangoni. Nikasikia Lingala. Lingala ya askari haikuwahi kutuletea heri.

Komanda alikuwa safarini kwenda Lubutu, na alitaka kutenganisha chuma na mti wa bunduki ili iingie sandukuni. Turnevisi yake, yaani bisibisi, iliteleza, visi hazikutikisika hata kidogo.

"Sitwayen," akamwita mume wangu, kama raia wote tulivyoitwa, "njo wewe umefunga silaha yangu?"

"Iko kole tu, komanda. Moto utaifungua."

"Fungua sasa. Ikikataa, utaenda kujieleza kambini."

Jirani yetu alienda kujieleza kambini kwa sababu ya redio. Mpaka leo mke wake hajui akae eda au aendelee kungoja.

Nikakimbilia mbabula, ambayo makaa yake bado yalikuwa yanawaka. Nikachomeka msumari mnene mpaka ukawa mwekundu, nikaubana kwa koleo, nikaugandamiza juu ya kichwa cha visi ya kwanza. Moshi ukaanza kutoka kwenye mti wa bunduki. Komanda akasogea karibu.

"Ukichoma mti wangu, mama..."

Hakumaliza. Mume wangu akaingiza turnevisi kwenye kichwa cha visi. Kichwani sikuwa na dua wala nini, nilimwona tu yule mke wa jirani amekaa kizingitini.

"Baba watoto, zungusha," nikamwambia polepole.

Akazungusha. Ikagoma. Nikaurudisha msumari motoni, nikagandamiza tena, akazungusha kwa nguvu zake zote, ikalia krrk, ikatoka. Ya pili na ya tatu hazikutusumbua.

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, mbele ya komanda na askari wake wote. Komanda naye akacheka mpaka kofia ikamsogea, akampiga mume wangu begani.

"Kumbe unajua kufunga na kufungua! Kule Lubutu iko silaha mingi yenye kulegea. Panda."

"Kazi yangu iko ya treni, komanda."

"Treni itangoja."

Alipanda na nguo zake za salongo, vumbi mpaka magotini. Hawakumpa nafasi hata ya kunawa. Nikaushika mlango wa jeep, nikauliza atarudi lini.

"Silaha zikiacha kuharibika, mama," komanda akanijibu, tena kwa upole.

Nikaanza kulia kabla gari halijaondoka.