Nyimbo za Mapasa na Kopo la Maziwa

Harufu ya maziwa ya unga yanayokorogwa katika maji ya moto bado inanikasirisha. Wengine wakiisikia hukumbuka utoto wao na kutabasamu. Mimi hukunja uso, na wanangu wameshazoea, hawaniulizi tena. Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa mtaa wa Katuba, kiangazi ambacho vumbi jekundu liliingia hadi ndani ya sufuria zilizofunikwa. Baba alifanya kazi ya reli kama baba yake kabla yake, na mara nyingi alikuwa safarini kaskazini kwa wiki nzima. Mama alikuwa amejifungua mapasa, yaani pacha, mvulana Kyungu na msichana Kabange, majina ambayo kwetu Waluba hayachaguliwi na mtu, huja na watoto wenyewe. Bibi mzaa mama, ambaye sote tulimwita Nkambo, alikuwa ametoka kwa mjomba huko Kambove ili kuwapokea.

Kuwapokea mapasa ni kazi. Nkambo alijipaka pemba, ule udongo mweupe, akampaka mama na watoto, na kila jioni majirani wanawake walijaa uani na makopo ya kugonga, wakaimba. Nyimbo za mapasa ni za matusi. Unamtukana mama yao, unamtukana baba yao, unataja viungo ambavyo siku nyingine ungepigwa kofi kwa kuvitaja, na hakuna anayeudhika, kwa sababu matusi hayo ndiyo heshima yenyewe. Wazazi waliopata wawili kwa mpigo wasipotukanwa hadharani, ni kama mtaa umewanyima pongezi. Nkambo alikuwa Mkatoliki wa kuamka gizani kwenda misa. Alirudi na rozari shingoni, akavua viatu, akaanza kumtukana mkwewe wa reli kwa sauti tamu ajabu. Sikuona mgongano wowote hapo, wala yeye hakuuona. Katika wiki moja nilikuwa nimezishika nyimbo zote.

Shida ilikuwa maziwa. Mama alipata jipu la titi, homa ikampanda, na watoto wakawa wanalia hadi sauti zinakauka. Wamisionari ndio waliotuokoa, sitasema uongo. Wao walikaa mtaa wa Golf, kwenye nyumba zenye bustani, na huku Katuba walikuwa na ukumbi wa mabati ambapo Jumamosi walitufundisha watoto. Alhamisi walitembelea nyumba za watu. Aliyetujia sisi aliitwa Mama Greta, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili cha Biblia, kilichonyooka kuliko chetu. Tulimcheka kwa hicho Kiswahili, na tulimpenda. Alimpeleka mama hospitalini kwa gari lake, na kila Alhamisi alileta makopo mawili ya maziwa, moja la Kyungu, moja la Kabange.

Jumamosi moja Mama Greta alituuliza tunamsifuje Mungu nyumbani. Mwenye jibu zuri angepewa penseli ya rangi. Nikanyoosha mkono haraka, nikasimama, nikajivunia mapasa wetu, kisha nikaimba wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ule mchafu kuliko zote, nikigonga benchi kwa kiganja. Watoto walishangilia. Monitrisi wetu, dada wa hapohapo mtaani aliyekuwa akimsaidia Mama Greta, alijiziba mdomo. Mama Greta akamwomba amfafanulie, na yule dada, ambaye bila shaka mama yake mwenyewe aliziimba nyimbo hizo, akaangalia sakafu na kusema ni mambo ya giza. Angeweza kusema ni furaha. Alilijua neno furaha. Nilikaa chini bila penseli, nisielewe nimekosa nini.

Alhamisi iliyofuata Mama Greta alikuja bila makopo mkononi, aliyaacha garini. Alikaa kwenye kiti chetu kimoja kizuri, akasema kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo. "Watoto hawa ni wa Bwana. Siwezi kuwapa maziwa mchana, kisha jioni nyumba hiihii iwalaani." Alitaka pemba ioshwe, nyimbo zikome, na bibi asiwashike tena watoto. Mama alilia tu. Alikuwa dhaifu, baba yuko mbali, na kuna watoto wawili wenye njaa mgongoni na mapajani. Nkambo ndiye aliyejibu, na hakumwangalia Mzungu, alimwangalia binti yake. "Acha bakunywe. Batoto beko na njala, haina nyimbo njo itabashibisha. Mi nitarudia kwa kaka yako." Kisha akaingia ndani kufunga vitu vyake katika kitenge. Nilimfuata nikamwambia ni mimi niliyeimba kule. Akanivuta akaniambia, "Najua. Uliimba muzuri?" Nikasema ndiyo. "Basi, haina kosa yako." Makopo yakashushwa garini kabla hata hajamaliza kufunga.

Nkambo hakurudi tena Katuba. Mama aliona aibu kumwita, baba aliporudi alikasirika siku tatu halafu akarudi safarini, na baada ya masika mawili mjomba alituletea habari kwamba Nkambo amezikwa. Mapasa walinenepa. Hilo ndilo linalonitia hasira kuliko yote, kwamba maziwa yalikuwa mazuri, na kwamba mwanamke yule aliweza kuyatoa bila kuchukua chochote, lakini akachukua.

Mwaka huu amekuja mmisionari mwingine wa kanisa lilelile, kijana mnyenyekevu, anakula bukari, ugali wetu, kwa mkono bila kufundishwa. Aliketi kwa mama yangu, ambaye sasa ni mzee, akaweka simu mezani na kuomba tumwimbie nyimbo za mapasa, azirekodi, kwani anasema ni hazina inayopotea na kanisa lingependa kuzitumia ibadani. Akakiri kwamba zamani walikosea kidogo. Kidogo. Nilimweleza ni nani aliyefukuzwa katika nyumba ile kwa ajili ya hazina hiyo, naye, kwa nia njema kabisa, akasema ataliandika jina la bibi mwanzoni kama shukrani. Nikamwambia achukue simu yake aende. Mama alinigusa mkono nimheshimu mgeni, sikumheshimu. Kyungu, ambaye sasa ana watoto wake, aliingia akifuata kelele zetu, akauliza hizo nyimbo tunazogombania ni zipi. Nilijiandaa kumlaumu Mama Greta tena, kisha nikajigeukia mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuna Mzungu aliyekaa mlangoni petu kunizuia, na sikuwahi kumwimbia ndugu yangu hata ubeti mmoja.