Yowe la Mwita

Hata sasa siamini. Mwita tumemzika Alhamisi kwao Gorong'a, halafu leo asubuhi ameniandikia kazini.

Ngojeni nieleze.

Mwita ndiye aliyetutengenezea tovuti ya chama chetu cha wafugaji hapa Kenyamonta. Ng'ombe wako akipotea unajaza fomu: rangi, alama ya sikio, alikoonekana mara ya mwisho. Mimi ndiye admin, nafungua tangazo, nahakiki, naliweka hewani.

Siku ya kwanza alimpa mlinzi wetu shikamoo, akamaliza ugali wetu wote, ndipo akauliza kompyuta iko wapi.

Ile fomu inaendeshwa na plugin, kiprogramu kilichochomekwa kwenye tovuti, na plugin ilikuwa na tundu. "Mtu anaweza kuandika code pale pa rangi ya ng'ombe," aliniambia. "Inakaa humo kimya. Ukifungua wewe admin, inaamka na kufanya kazi kwa jina lako. Update, Rhobi."

Nikabisha. Uki-update fomu inazimika kidogo, na ng'ombe wa mtu akipotea muda huo je? Huku yowe likipigwa huulizi nani kapiga, unakimbia. Ndivyo nilivyokuwa nafungua kila tangazo.

"Hiyo ndiyo shida yako, dada," akacheka. "Siku moja nitakupigia yowe mimi."

Nilijua ni utani. Jumapili homa ikamshika, Jumanne tukapigiwa simu. Kijana mzima kabisa, jamani.

Leo nimefungua matangazo yaliyolundikana wakati wa msiba. La kwanza ni dume jeusi la mtu wa Kemambo. La pili halikuwa na jina, nikalifungua hivyo hivyo.

Kisanduku kikaruka katikati ya skrini: "Ni mimi Mwita. Ningekuwa mwizi, zizi zima lingekuwa limekwenda. Update, dada."

Lilitumwa Jumamosi, siku moja kabla ya homa.

Nilipiga kelele, mlinzi akaingia mbio na rungu lake.

Nimekaa saa nzima nimeshindwa kubonyeza OK kukifunga kile kisanduku. Niki-update hakitaruka tena, na ndilo neno lake la mwisho kwangu. Naliogopa na nalitaka.

Nime-update, Mwita. Fomu imezimika dakika nne, na hakuna aliyepotelewa na ng'ombe. Nimefungua tangazo lako tena. Maneno yako yapo pale pa rangi ya ng'ombe, ila sasa ni maandishi tu, yametulia.

Nimechelewa, kaka, lakini yowe lako nimelisikia na nimekimbia. Lala salama, tundu nimeliziba.