Vyuo vinne vya Nakuru

Leo nimehakikisha binti yangu anaenda mbali nami.

Tulikuwa saiba, duka la intaneti hapa mjini, tukituma maombi ya chuo. Chebet alijaza vyuo vinne, vyote vya Nakuru. Lakini tangu shule ya msingi anataka kusomea viumbe wa baharini, na kozi hiyo iko Mombasa.

"Mbona Mombasa haipo?" nikamuuliza.

"Baba, nikikuacha nyumbani Dundori peke yako utakula nini? Chai na mkate?"

Mhudumu akacheka. "Mzee, hapo umeshikwa!"

Tumebaki wawili tangu mamake afariki. Nilitamani sana kunyamaza.

Nikamwambia mhudumu aweke Mombasa mbele ya vyote.

Chebet alibisha mara moja tu, kisha akabonyeza kutuma.

Wazazi wenzangu, nyinyi mliwezaje? Mimi bado nilikuwa nangoja abishe tena.