Alichokosa Mama

Muuza sabuni wa Mji Mkongwe kanipa kipande ninuse. Hajasema bado kuwa ni ya mwani, nami nshaiona mikono ya mama yangu, vidole vimechubuka kwa kamba na chumvi.

Nikakumbuka siku moja ya utotoni: nilikuwa darasani, shule ya bweni ya wavulana, ya mapadri. Bruda, mtawa aliyetufundisha, alituandikia ubaoni barua ya kuwashukuru wafadhili wanaotulipia ada, nasi tukawa tunanakili: "Wazazi wangu hawana kazi." Hapo nikaweka kalamu chini.

"Mbona huandiki?" akaniuliza.

"Mama yangu ana kazi, Bruda. Analima mwani Paje."

Bruda akaniinamia, akasema kwa upole, "Mwanangu, hawa husaidia wasio na kitu. Ukiandika hivyo, wanaweza kuacha kukulipia."

"Nshafahamu, Bruda."

Nikaichukua kalamu. Nikaandika kuwa mama yangu huingia pwani maji yakitoka, huinama mpaka yajae, na kwamba alichokosa ni ada, kazi anayo. Nilikandamiza hata neno "mwani" likatokeza upande wa pili wa karatasi.