Harufu ya Vitambaa vya Ijumaa

Shangazi yangu alifua vitambaa vya meza vya hoteli moja kwa miaka ishirini na sita, chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha. Wageni wa juu hakuwaona. Aliwajua kwa madoa yao. Huyu kamwaga mvinyo, yule kajifutia rangi ya mdomo, huyu mwingine ana watoto wasio na adabu. Jioni akifika nyumbani aliwasengenya kama majirani, na mimi nikawachoka kabla sijamwona hata mmoja.

Doa moja tu hakulitukana. Lilikuja siku za Ijumaa, kutoka barazani walikokaa wanywaji wa alasiri, jepesi, karibu halionekani. Ijumaa kazi ilikuwa nyingi, vitambaa vilisuuzwa mara moja tu na kupigwa pasi vikiwa na unyevu. Hapo mvuke ulipanda na ndani yake mlikuwa na ndimu, na nanaa, na kitu cha tatu, kitamu, ambacho shangazi hakukijua. Alifumba macho. Kwa muda huo mfupi, aliniambia, chumba kilikuwa na dirisha.

"Nikistaafu nitakinywa hicho kinywaji," alisema. "Glasi moja tu. Nikikikosa, basi nitajua miaka yote nilikuwa nanusa ndoto."

Akastaafu. Akapanda nanaa kwenye kopo la rangi, akanunua chupa ya ramu na kuificha nyuma ya unga, kana kwamba polisi wangeitafuta. Miezi mitatu, kila Jumapili mchana, tulichanganya. Mimi nilikuwa mwonjaji, kazi ambayo sikuilalamikia. Yeye alipiga funda moja, akatikisa kichwa.

"Kuna kitu hakipo."

Tukaongeza ndimu. Tukapunguza sukari. Bado hakikuwapo, na kila Jumapili aliosha glasi polepole zaidi. Nilichoka kumwona hivyo, nikaenda kumtafuta aliyekuwa akikitengeneza.

Mhudumu wa baa wa hoteli ile waliyemwita Barafu naye alikuwa amestaafu, na Jumatatu alikuwa anahamia kwa binti yake, mbali, moja kwa moja. Alikuja Jumamosi alasiri, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kijiko chake kirefu mfukoni. Miaka yote ile yeye na shangazi walikuwa wameambiana "habari za kazi" tu, pale kwenye lango la wafanyakazi.

Alimkuta shangazi jikoni, mchi mkononi.

"Dada, unatwanga nini?"

"Nanaa."

"Nanaa haitwangwi hivyo. Unaiamsha tu. Ukiiumiza inakuwa chungu."

"Mimi nimezoea kusugua, kaka."

Barafu alicheka, akampokea mchi. Akayabonyeza majani taratibu juu ya sukari, akakamua ndimu papo hapo, akatia ramu, vipande vya barafu, soda kidogo. Mikono yake ilikwenda bila haraka, na mwanga wa dirishani ukaingia kwenye glasi ukakaa humo. Akaijaza mno, ikafurika kidogo kwenye kitambaa cheupe alichoitandikia.

Shangazi akanywa. Halafu akakaa chini.

"Ni kitamu sana, kaka," alisema. "Lakini sicho."

Machozi yalimlengalenga, nami nikashikwa na hasira, sijui kwa nani. Barafu alikuwa akikitazama kijiko chake.

"Ndivyo nilivyokitengeneza kila Ijumaa," alisema. "Sina kingine nilichoficha."

Shangazi hawezi kukaa karibu na kitambaa kilicholowa, hata akiwa na huzuni. Akakichukua, akakisuuza mara moja, akakikamua, akawasha pasi. Nilijua anatafuta pa kuuficha uso. Pasi ilipopita, mvuke ukapanda.

Niliisikia harufu ile kwa mara ya kwanza. Ndimu, nanaa, na sukari iliyobaki kwenye nyuzi ikianza kuungua kidogo chini ya chuma. Shangazi akasimama kama alivyo, pasi hewani. Barafu akaja karibu, akainama, akanusa, akanusa tena.

"Hii nini?"

"Ndiyo hiyo," shangazi alinong'ona.

"Hii mimi sijawahi kuitengeneza." Barafu alimtazama. "Hii ilikuwa yako, dada. Kule juu hatukuwa nayo."

Shangazi akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi ndiye niliyelia zaidi. Akachukua glasi, akauinamia mvuke, akanywa akiwa amefumba macho. Hakuharakisha. Kisha akampa Barafu, akamwonyesha namna ya kuinama.

Mvuke ukaisha. Na shangazi yangu, aliyewatukana wamwagaji wote wa dunia kwa miaka ishirini na sita, akaitwaa glasi, akaimwaga kidogo juu ya kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, akarudisha pasi.