Kamera Ilibaki Uani

Sihaba alianza kucheza kabla hajajua kusoma. Harusi yoyote ya kijijini kwao Kaole, ngoma ikilia, watu walimsogezea nafasi. Alipokua akajiunga na kikundi cha ngoma mjini Bagamoyo, akawa anawachezea watalii hotelini, akitabasamu hata siku alizoshinda na njaa. Huko ndiko alikoonwa na Ridhiwani, mwongozaji wa filamu kutoka Dar es Salaam.

"Dada, sura hii inakaa bure hapa," alimwambia. "Njoo nikutoe."

Akamtoa kweli. Filamu ya kwanza alikuwa mke mwenza, ya pili mke mwenza, ya tatu akapewa nafasi ya mama anayemfunda binti yake. Ridhiwani akataka ngoma ya ndani, ile wanayochezewa wari, wasichana waliovunja ungo, nyuma ya ua, ambayo mwanamume haioni mpaka anaingia kaburini.

Sihaba akakataa. Wakabishana asubuhi nzima. Mwisho akatoa sharti: wanaume wote watoke. Ridhiwani akakubali upesi mno. Akawatoa mafundi, akamtoa mpiga picha, akatoka na yeye. Akabaki msichana wa vipodozi, ndiye aliyebonyeza kitufe. Sihaba akaufunga mlango wa ua kwa mkono wake, akachungulia kila pembe, akacheza kama alivyofundishwa. Aliamini ameitunza mila.

Wanaume walitoka. Kamera ikabaki.

Msimcheke. Aliyelelewa Kaole anajua kulinda mlango. Kamera nani alimfundisha kuilinda? Ridhiwani alijua. Alikwenda chuo kusomea hayo, na alinyamaza.

Bi Hija, kungwi aliyemfunda Sihaba, aliiona ngoma ile ndani ya basi, akitoka Chalinze kwenda Korogwe, kwenye televisheni iliyoning'inia juu ya dereva. Wanaume walikuwa wanamenya machungwa na kupiga miluzi. Konda akairudisha nyuma waione tena. Bi Hija akashuka Msata, akarudi nyumbani, Korogwe asifike.

Mwaka huu Adila, binti pekee wa Sihaba, amevunja ungo, akawekwa ndani kwa Bi Hija. Sihaba alitaka jambo moja tu: kuingia uani siku ya ngoma, amchezee mwanawe. Akaenda kuomba.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba." Bi Hija hakuinua macho kutoka kwenye nazi aliyokuwa akikuna.

"Naomba radhi, somo. Wanaume niliwatoa wote, naapa."

"Najua uliwatoa. Ukawafuata kwenye basi."

Ashatu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni na wanawake wenzake, akadakia, "Karibu, staa! Mafundi wako umewaacha wapi leo?" Wanawake wakaangua kicheko.

"Niambie nifanye nini, somo. Lolote nitafanya."

"Ikusanye," alisema Bi Hija. "Basi kwa basi, simu kwa simu. Ukiimaliza, njoo, mlango huu utaukuta wazi."

Sihaba akampigia Ridhiwani.

"Achana na ushamba, wewe ni staa sasa," alijibiwa. "Halafu ile ikishaingia mtandaoni haitoki." Simu ikakatwa. Bwana huyo alikuwa anawahi kongamano, amealikwa kuwahutubia vijana juu ya kulinda utamaduni wetu. Wakampigia makofi. Hakuna aliyemwuliza swali. Maswali yote yameachiwa mwanamke mmoja wa Kaole.

Siku ya ngoma, jua likiwa utosini, Sihaba alikaa nje ya ua, juu ya kinu kilicholazwa. Msondo, ngoma ndefu ya unyago, ukalia. Bi Hija akaanzisha wimbo, wanawake wakaitikia, na katikati ya sauti zao Sihaba akaisikia ya Adila, nyembamba, inayotafuta pa kuingilia. Miguu yake ikaanza yenyewe.

Barabarani vijana wa bodaboda walikuwa wamezima pikipiki zao. Mmoja alishainua simu.

"Mama Adila, tuonjeshe basi!"

Sihaba akayashika magoti yake kwa mikono miwili, akayakandamiza, na hakuyaachia mpaka ngoma iliponyamaza.