Siku Baba Mdogo Alipoliacha Gari Mtongwe

Mimi ni mtu wa haya. Darasani mwalimu akiuliza swali, jibu ninalo, ila mkono hautaki kupanda. Lakini njia ya kwenda mjini naijua, na hilo silionei haya.

Nyanya alikuwa amelazwa mjini, ng'ambo ya feri, hospitali ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa ananitambua kwa hatua zangu tu. Daktari alikubali kumpasua siku ya Ijumaa mchana. Nyanya akaweka sharti lake: "Siingii mle ndani kabla sijamshika mwanangu mkono." Muuguzi alimweleza kwamba akiikosa zamu hiyo, nyingine ni baada ya miezi. Nyanya akamjibu kwamba alizaa wana wawili, mmoja, baba yangu, amemzika, na huyu aliyebaki hajaja miaka mitatu. "Na nikifia humo?" akauliza.

Huyo aliyebaki ni baba mdogo. Anafanya kazi Nairobi, na alipewa ruhusa ya siku mbili tu. Alhamisi asubuhi akaingia kwetu Mtongwe na gari lake jeupe, amezungukia Dongo Kundu, barabara isiyopitia feri.

"Feri sijaigusa!" akamwambia mama hata kabla ya kukaa. "Nyinyi watu wa Likoni mnateseka bure."

Mama alinituma niende naye, nimwonyeshe wodi. Wageni huingia saa sita na nusu, na saa nane mlango unafungwa. Tuliondoka saa tano. Simu yake ilikuwa imebandikwa mbele ya usukani, ikamwambia njia ni ile ile ya Dongo Kundu, tutokee Miritini, tupite Changamwe, tuingie mjini kwa Makupa.

Hapa nitasema kweli. Nilijua. Nilijua kwamba saa zile Changamwe hujaa malori ya kontena yanayotoka na kuingia bandarini, na kwamba simu haiwezi kujua lori la mbele likizima itakuwaje. Nilijua pia kwamba mtu anayevuka feri kwa miguu anafika hospitali kabla hajamaliza mazungumzo na jirani yake. Nikafunga mkanda, nikapigwa na baridi ya gari, nikanyamaza.

Lori lilizima. Baba mdogo alisema barabara itafunguka sasa hivi. Akasema tena. Mara ya tatu hakusema, alipiga honi. Tulifika mjini, tukazunguka kutafuta pa kuegesha, na tulipofika langoni ilikuwa saa nane na dakika kumi.

"Wakati umekwisha, bosi," askari wa lango akasema.

"Mimi nimetoka Nairobi!"

"Na mimi nimetoka Kaloleni, na kesho nitakuja tena. Njoo nawe."

Kutoka pale langoni dirisha la wodi ya nyanya linaonekana. Sikumwonyesha baba mdogo.

Jioni mama alipakua samaki na wali. Baba mdogo alieleza habari za malori kana kwamba mama hajawahi kuyaona. Kisha akapanga: "Kesho tunatoka saa tatu. Mapema kabisa."

Nilikuwa naosha sufuria, nimewapa mgongo. Nadhani ndiyo sababu niliweza.

"Baba mdogo, gari liache."

"Unasema?"

"Liache hapa. Tupande tuktuk mpaka feri, tuvuke kwa miguu."

Akacheka. "Yaani mimi niendeshe gari usiku kucha kutoka Nairobi, halafu nipande tuktuk?"

"Mwache aseme," mama akamwambia. "Huyu husema mara moja kwa mwezi. Ukimkatiza utangoja mwezi ujao."

Nikageuka, mikono imejaa povu. "Gari ukilipeleka feri linapanga foleni. Ukizunguka nalo, malori ndiyo hayo. Miguu haipangi foleni. Ukikosa feri hii unaingia inayofuata. Leo nilijua, sikukwambia, na nyanya ameshinda akikungoja. Kesho akikataa kuingia, makosa yatakuwa yetu mimi na wewe."

Hakucheka tena. Aliuliza tu, "Na gari? Litakuwa salama hapa?"

"Tuna kambi ya jeshi la wanamaji wa nchi nzima hapo jirani," mama akasema. "Kula, shemeji."

Ijumaa tulifika feri saa tano na nusu. Nilikwenda mbele, nikageuka, simwoni. Nikamkuta pembeni, pochi mkononi, anachungulia huku na huku. Mama mmoja mwenye beseni la viazi karai akamuuliza, "Watafuta nini, baba?"

"Wanakata wapi tikiti?"

"Gari lako li wapi?"

"Sina. Niko kwa miguu."

"Sasa wataka kulipia nini, kivuli chako?"

Watu wakaangua kicheko. Siku nyingine ningejificha nyuma ya nguzo. Siku ile nilimwambia, "Mguu haulipi, baba mdogo, twende," nikamshika shati.

Lango lilipofunguliwa akasimama kando, muungwana kabisa, awapishe akina mama. Wa nyuma wakaanza kumgunia. Nikamwambia hapa hakuna kupishana, unakwenda na wenzako kama maji. Ndani ya feri akataka kupanda ngazi, aone bahari vizuri.

"Hapana," nikasema. "Wa juu hushuka mwisho. Tusimame huku mbele."

Sijawahi kumwambia mtu mzima "hapana" namna ile, bila samahani mbele wala nyuma. Akanifuata.

Ng'ambo ya pili tulipanda mteremko wote kwa haraka, yeye anahema, tai imelegea, tukachukua tuktuk. Langoni saa sita na nusu ndiyo kwanza inaingia. Askari wa Kaloleni alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Leo bila gari? Basi umepona," akasema, akatufungulia.

Wodini tulikuta kiti cha magurudumu kiko tayari. Daktari alikuwa ameanza mapema na jina la kwanza lilikuwa la nyanya. Amevishwa gauni la kijani, amekaa kitandani, mikono yote miwili imeng'ang'ania chuma cha kitanda. Muuguzi alikuwa anambembeleza, na kwa sauti yake ulijua amembembeleza muda mrefu.

"Mama," baba mdogo akaita.

Nyanya aliachia chuma. Alimshika kiganja, akampapasa kupanda mpaka kifundo, mpaka kiwiko, mpaka shingoni.

"Mbona umelowa hivi? Umekimbizwa?"

"Nimekimbizwa na huyu msichana, mama."

"Yupi? Huyu asiyesema?"

"Anasema. Tena anaamrisha."

Nyanya alicheka, kicheko chembamba cha mtu aliyekuwa anajizuia kulia. Muuguzi akatazama saa ya ukutani. Walikaa hivyo kidogo, mkono ndani ya mkono. Kisha nyanya akashusha miguu chini mwenyewe, akatafuta kiti kwa vidole, akakaa.

"Haya, mwanangu," akamwambia muuguzi. "Sukuma."